Gari Lisilolalika

Siku tuliyomzika mama, baba mdogo Luhende ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Alisimama kando ya jeneza, akavaa miwani, akasoma kwamba marehemu alikuwa mke mtulivu, kwamba alimfuata mume wake kila mahali bila kunung'unika, wala hakumpinga hata siku moja. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na wanawake wenzangu, na nilitaka kusimama nimkatize. Sikusimama. Sijawahi kuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na nikitazamwa na watu wengi ulimi unakuwa mzito. Lakini kuandika naweza, ingawa naandika polepole, chai inapoa kabla sijamaliza mistari miwili. Basi naandika. Mama yangu alimpinga baba. Alimpinga mchana kweupe, mbele ya majirani, akashinda, na kama asingeshinda tusingekuwa hata na ua wa kuweka msiba wake. Baba mdogo anajua hayo vizuri, kwa sababu alikuwepo, na alikuwa upande ulioshindwa.

Mwaka wenyewe naukumbuka kwa magari yake. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, na Mwanza ikajaa ghafla magari ya Kijapani yaliyokwishatumika, mengine yana maandishi ya kwao milangoni ambayo hakuna aliyejua yanasema nini. Kabla ya hapo gari lilikuwa la serikali, la misheni au la tajiri. Sisi tulikuwa na lori, na lori lilikuwa nyumba yetu. Baba aliuza nguo za mitumba kwenye minada, wiki hii Magu, inayofuata Ngudu, kisha tunavuka ziwa kwa kivuko cha Busisi kwenda upande wa Sengerema na Geita, na hakuona sababu ya kuiacha familia nyuma. Chini ya turubai alijenga kitanda cha mbao upana mzima wa bodi. Tulilala juu ya mabelo ya nguo, na yalipouzwa tulilala chini kidogo kila siku mpaka tukafika kwenye mbao. Kulikuwa na misumari ya kutundikia vikombe, kamba ya kanga za mama, na kioo kilichofungwa kwa waya kisivunjike kwenye mashimo. Mgeni aligonga bodi akasema hodi, mama akasema karibu, na huyo mgeni, hata awe mama mkwe, alipanda tairi kwanza ndipo akaribie. Mimi nilijiunga nao nilipomaliza la saba, maana kabla ya hapo nilikaa kwa bibi, mzaa mama, huko Misungwi. Mdogo wangu Maduhu alikulia humo ndani. Alijua majina ya minada yote, na hakujua kusoma jina lake.

Mama alikubali mambo mengi ya lori lakini alikataa kupikia mawe ya kuokota. Alikuwa na mafiga yake matatu, mawe meusi ya kwao, na kila tulipofika aliyashusha kwanza, akayapanga, akayasukuma kwa kisigino mpaka yakatulia. Baba akafanya utani wake kuwa sheria: lori haliondoki mafiga yakiwa chini. Akiwa tayari kuondoka hakusema "tuondoke." Alisema, "Mama Kabula, mafiga." Mama anayamwagia maji, anayazungushia magunia, anampa Maduhu moja na mimi moja, la tatu anapanda nalo mwenyewe. Likisikika la mwisho likigonga mbao, baba anawasha injini. Wateja waliomzoea walikuwa wakiuliza, "Masanja, leo mpo?" na yeye anawajibu, "Tazama mafiga." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuyainua mawe yale ila kwa amri ya mama, na baba mwenyewe hakuyagusa hata siku moja, alisema ni kazi isiyo yake.

Mwaka huo lori lilichoka. Lilianza kutuacha njiani, na fundi mmoja akamwambia baba kwamba anachofanya sasa ni kulibembeleza tu. Baba akampata mtu wa kulinunua kwa ajili ya vyuma vyake, na sisi tukapanda Igogo, ambako alikuwa na vyumba viwili juu kwenye mawe, vyumba alivyojenga kuhifadhia mabelo. Havikuwa na kitanda wala meza. Tulikuwa tukivifungua, tunapakia, tunavifunga. Safari hii tulikaa humo wakati baba anatafuta gari, na kila siku alirudi na sifa za gari jingine, macho yanang'aa kama kijana anayetafuta mchumba.

Siku ya kwenda kuchagua tulivaa nguo za Jumapili. Uwanja wa magari ulikuwa upande wa Mirongo, umezungushiwa mabati, na muuzaji alikuwa kijana wa Kihaya, Projestus, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe. "Karibuni! Mzee, shikamoo. Mama, shikamoo. Kila mnachokiona hapa kimetoka Japani juzi. Hata hilo vumbi ni la kule." Baba akaitikia, akapita moja kwa moja hadi kwenye kipanya kimoja cha kijivu, basi dogo la abiria, akafungua mlango wa nyuma, akavua viatu, akapanda na kujilaza chali, mikono juu ya kifua. Sisi hatukushangaa. Hatukujua kwamba watu wengine huchagua gari kwa kuliendesha.

"Mzee anaumwa?" Projestus aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anapima," Maduhu akamjibu.

"Mama Kabula, njoo!" baba aliita kutoka ndani. "Miguu inanyooka!"

Mama hakusogea. Akamuuliza Projestus, "Hili linalala watu wangapi?"

Projestus akachangamka. "Mama, hapo umeuliza swali! Unakunja viti hivi, hivi, wanne wanalala kama wapo hotelini. Na mapazia yapo."

"Na lile?" Mama alionyesha gari dogo jeupe lililoegeshwa pembeni, la aina waliyokuwa wakiendesha mahakimu na wakuu wa shule.

"Lile siwezi kukudanganya, mama. Lile hata mtu mmoja atalala amekunja shingo."

Mama akaliendea, akalizunguka, akachungulia ndani, akapima kiti cha nyuma kwa dhiraa ya mkono wake. Kisha akarudi. "Lile ni zuri."

Projestus alinitazama mimi, akamtazama Maduhu, akacheka kidogo. "Mama ana utani."

"Hana," alisema baba, bado amelala.

Niseme hapa kwamba mimi nilikitaka kipanya. Sitaki mtu asome haya akafikiri nilikuwa askari wa mama tangu mwanzo. Nilikuwa nimeshachagua mahali pangu pa kulala, upande wa dirisha. Watu wa mjini wakisikia tulivyoishi hutuonea huruma, wanasema masikini, mlilala kwenye lori, na huruma yao mpaka leo naikataa. Nilipenda asubuhi za kivukoni Kigongo, magari yamepanga foleni, wanawake wanauza samaki wa kukaanga na chai ya rangi, ziwa linatoa harufu ya majani mabichi. Nilipenda wachimba dhahabu wa Geita walionunua suruali bila kupatana bei na kuzivaa pale pale juu ya zile za zamani. Na nilipenda zaidi kwamba hakuna aliyepata muda wa kuniuliza kwa nini siongei. Mtu mwenye haya akiishi mahali pamoja, watu wanamgeuza mradi wao, kila mmoja anataka yeye ndiye amfungue mdomo. Njiani, kabla hawajaanza, mafiga yameshapanda.

Lakini siku mbili tatu baada ya kwenda Mirongo nilikuwa chumba cha ndani nikipanga mabelo, na mama alikuwa nje na jirani yetu, Mama Adela, mwanamke wa Bukoba mwenye kicheko cha kusikika hadi ziwani. Walikuwa wakichambua dagaa kwenye ungo mmoja. Mama Adela ndiye aliyeanza.

"Lakini wewe nawe. Gari kubwa unalikataa, unataka kibati cha watu wanne. Unakwenda kufanyia nini, harusi?"

Nilisikia mikono ya mama ikiendelea kwenye ungo. "Mama yangu alipokufa walimtuma mtu kwa baiskeli kunifuata Magu. Akakuta tumeondoka. Akaenda Ngudu, tumeondoka. Nilipofika, kaburi limekauka, mbuzi wanapita juu yake."

"Waitu! Pole."

"Hawakunilaumu. Waliniambia tu, hatukujua tukutafute wapi. Mtu mzima, nina mume, nina watoto, na sitafutiki."

"Na baba Kabula ulimwambia?"

"Nilimwambia. Akasema atanunua gari linalokimbia zaidi."

Mama Adela, ambaye alicheka kila kitu, hapo hakucheka. Nami nilibaki nimeshika belo. Bibi yule ndiye aliyenilea, na nililia sana tulipofika Misungwi kwa kuchelewa, lakini sikuwahi kufikiri kwamba lori ndilo lililotuchelewesha. Nilidhani kifo kilikuja haraka. Tangu siku hiyo nikikitazama kipanya cha kijivu kichwani mwangu, kilikuwa bado kizuri, lakini upande wa dirisha nilimwona mtu wa baiskeli akija nyuma yetu kwenye vumbi, asitufikie.

Jumapili baba mdogo Luhende alikuja kutoka Misungwi kutoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Mama alipika ugali wa muhogo na sato wa nyanya, tukala kwenye mkeka, wanaume upande wao na sisi upande wetu, lakini chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba pande zote mbili tungeweza kuchovya bakuli moja. Baba mdogo alikula sana na kuzungumza sana. Alisema gari dogo ni la karani. Alisema Masanja akionekana mnadani na gari la karani, wateja watafikiri amekuja kukagua leseni. Baba alikuwa anatoa miiba ya samaki, na hapo ndipo mama alipozungumza.

"Mimi silali tena ndani ya gari," alisema.

"Shemeji," baba mdogo akasema kwa upole wa mtu aliyeshiba, "habari za magari waachie wanaume."

"Haya. Na habari za kulala?"

Maduhu alipaliwa. Baba mdogo akamgeukia baba, akingoja amkemee mkewe. Baba akanawa mikono. Akasema kipanya ameshakiwekea ahadi, kwamba leo wanakwenda kumaliza na Projestus, kesho lori linapelekwa kwa mnunuzi, na keshokutwa tunavuka Busisi tukiwa na gari jipya. Alisema pia kwamba mama angekipenda akikizoea. Hakusema kwa ubaya. Baba hakuwa mtu mbaya, na sitamwandika hivyo ili mama apate sifa. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba familia ikiwa ndani ya gari lake ipo salama, na hakuweza kuelewa kwa nini mtu atake kubaki mahali ambapo yeye hayupo.

Walipoteremka kwenda mjini, mama alikaa akitazama mlango waliotokea. Kisha akanituma chumba cha ndani. Kulikuwa na mfuko wa saruji uliobaki baba alipopiga sakafu, umeganda pembeni lakini katikati bado unga. Akamtuma Maduhu mchanga. Hakunieleza chochote nami sikuuliza. Nyuma ya nyumba, kwenye pembe kati ya mawe mawili makubwa, palipokuwa na mafiga tangu tulipofika, alichimba mashimo matatu kwa jembe, akasafisha udongo kwa mkono, akamimina saruji, akayaketisha mafiga humo mpaka shingoni. Aliyapima kwa sufuria kubwa yasiyumbe. Akapaka saruji katikati na pembeni, akalainisha kwa kiganja kilicholowa, akafunika yote kwa gunia bichi kama fundi. "Usilikanyage," alimwambia Maduhu. Hilo tu ndilo alilosema mpaka jioni. Baba aliporudi jioni aliona gunia, na labda alifikiri mafiga yameshafungwa tayari kwa safari. Tulikunywa uji uliochemshwa na Mama Adela.

Asubuhi baba mdogo, aliyelala kwetu, alikuwa wa kwanza kuamka, anataka kushuhudia. Baba alitupia mabelo ya mwisho kwenye lori, yakahamishiwe kwenye kipanya huko mjini, akafuta mikono, akaita kama siku zote, "Mama Kabula, mafiga."

"Yapo," mama alijibu kutoka nyuma.

"Yapakie."

"Njoo uyachukue."

Baba akazunguka nyumba, baba mdogo nyuma yake, na mimi nyuma yao. Mama akaliondoa gunia. Saruji ilikuwa imekuwa ya kijivu cheupe, na mafiga yalisimama ndani yake kama meno kwenye ufizi. Mama Adela na majirani wengine walikuwa wameshapanda kwenye mwamba wa juu wanatazama, maana Igogo kila mwamba ni kiti.

Baba alitazama kwa muda mrefu. "Umefanya nini?"

"Nimepika mara ya mwisho kwenye mawe yanayohama."

"Vunja," alisema baba mdogo. "Kaka, vunja hii. Huu si utani tena."

Uso wa baba ulikuwa umebadilika. "Kabula, leta mtaimbo."

Mtaimbo nilijua ulipo, ulikuwa nyuma ya mlango. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kutumwa na baba nikakaa hata kwa muda wa kufunga kanga. Miguu yangu yenyewe ilianza kwenda. Nilimtazama mama, naye hakunitazama, alikuwa akimtazama baba, mikono yake bado ina saruji kwenye kucha. Nilikuwa bado nakipenda kipanya. Nikasema, "Siendi."

"Unamwambia baba yako siendi?" Baba mdogo alinijia.

"Siendi, baba mdogo," nikasema, na kwa hofu nikaongeza, "Shikamoo."

Mama Adela aliangua kicheko kule juu ya mwamba, na wote wakamfuata. Hata Maduhu. Baba mdogo alikuwa ameshafungua mdomo wa kunikaripia, na shikamoo haiachwi hewani, kwa hiyo akajikuta anaitikia, "Marahaba," kwa hasira, na hilo likawachekesha zaidi. Wengi wananitania nalo mpaka leo. Sijali. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza niliyosema mbele za watu, na yalitosha.

Baba alikwenda kuuchukua mtaimbo mwenyewe. Aliupenyeza chini ya figa la kwanza, akasukuma mara moja. Saruji ikatoa mkwaruzo mweupe. Akasimama hapo, mtaimbo mkononi, na nadhani ndipo alipogundua kwamba ndiyo mara ya kwanza anayagusa mawe yale. Akaulaza mtaimbo chini. "Lori haliondoki mafiga yakiwa chini," alisema.

"Huo ni mzaha wako mwenyewe!" baba mdogo akapiga kelele.

"Ndiyo. Ni wangu."

Akaenda akapanda kwenye lori, akakaa nyuma ya usukani na kufunga mlango. Baada ya muda akamwita mama, naye akapanda upande wa pili. Vioo vya lori lile havikuwahi kufunga vizuri. Nilisimama karibu na tairi nikijifanya naosha masufuria, nikasikia baba akiuliza, "Sasa mimi nitafanya kazi gani?"

"Hiyo hiyo. Mzigo utaupakia kwenye malori ya wenzako. Wewe utaondoka asubuhi, utarudi."

"Na kivuko kikiniacha ng'ambo?"

"Utalala umekunja shingo."

Halafu nikasikia baba akicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekanyagwa mguu na rafiki. Projestus alipowaona wanarudi kukiacha kipanya na kutaka gari jeupe, alituambia baadaye, alidhani wamekuja kupima tena.

Biashara ya baba ilipungua. Tuliiacha minada ya mbali, na wapo wanaosema mama alimfunga mumewe miguu. Waseme. Maduhu aliingia darasa la kwanza akiwa mrefu kuliko wote, wakamwita babu, naye akawaitikia "wajukuu zangu" mpaka wakachoka. Mimi nililia lori lilipoteremka Igogo mara ya mwisho, na sioni aibu. Nilipoteza kitu nilichokipenda, na mama alikuwa na haki. Mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu miaka yote hii, na sikubali mtu aje kuniambia nichague moja.

Siku gari lilipokuja, baba alilipandisha mpaka mawe yalipomzuia, akashuka, akamfungulia mama mlango. Sote tulikuwa tumeoga. Baba mdogo alikuwa amekuja pia, maana kukasirika kwake hakujawahi kumzuia kupanda gari. Baba akauliza mama anataka apelekwe wapi kwanza. Tulidhani atasema Misungwi, kwenye kaburi, na baba alikuwa ameshajaza mafuta ya huko. Mama alifikiri. "Nizungushe mjini," alisema, "halafu unirudishe."

"Basi?" baba mdogo akauliza. "Hiyo ndiyo safari?"

"Ndiyo safari."

Tukateremka. Tukapita Mirongo, tukapita sokoni, tukafuata ziwa mpaka kwenye yale majabali yaliyosimama majini, baba akapunguza mwendo atazame, mama akasema inatosha. Tukageuza. Jua lilikuwa bado juu, watoto wa shule wako njiani na madaftari kichwani, na baba mdogo alilalamika njia nzima kwamba magoti yake yanamgusa kidevu. Tulipofika Igogo mama alishuka wa kwanza. Alitoa ufunguo kwenye pindo la kanga, akafungua mlango, akaingia, kisha akageuka na kusimama kizingitini. Sisi tulikuwa bado tumebanana kwenye gari, tunasubiri tuambiwe tunakwenda wapi tena.

"Karibuni," alisema.